Mazoezi Kila Siku, Uzito Haupungui: Tuifahamu Tezi ya Shingo na Homoni Nyingine



Katika toleo hili tunajibu swali ambalo linaulizwa sana kwenye vikao vya afya, na mara nyingi linaulizwa pembeni, kikao kikiisha, kwa sauti ya chini. Swali lenyewe ni hili: mtu anatembea kila siku, anateka maji, anapanda mlima na kushuka, wala hali chakula kingi, na bado mwili unaongezeka. Je, ni uvivu? Ni uchawi? Ni ugonjwa?

Tuchukue mfano. Tuseme mama wa miaka 34 ametoka kambini Mahama, wilaya ya Kirehe, akaja kukaa kwa dada yake Kabuga ili afuatilie matibabu Kigali. Kabuga iko kwenye barabara kuu iendayo Rwamagana na Kayonza, na vilima havikosekani. Kila asubuhi mama huyu anatembea saa moja. Jumapili za siku isiyo na magari, ambayo Kigali iliianzisha mwaka 2016, anakwenda pamoja na wengine kukimbia na kunyoosha viungo barabarani, na pale hupimwa uzito na shinikizo la damu. Miezi sita imepita. Mizani inaonyesha kilo 80, nayo ilionyesha 78 alipoanza. Majirani wanamwambia, "Mama, maisha ya mjini yamekukubali." Yeye usiku analia, kwa sababu mwaka wa pili huu hajapata mimba, na wakwe wameanza kusema.

Somo hili ni kwa ajili ya mama kama huyo. Si kwa ajili ya mjamzito, wala anayenyonyesha mtoto mchanga, wala mtoto, wala mgonjwa wa kifua kikuu anayehitaji kurudisha mwili. Hao wasijaribu kupunguza uzito bila ushauri wa kliniki.

UNENE KAMBINI: SI JAMBO LA AJABU

Wengine hucheka wakisikia habari ya unene kambini, wakati mgao au fedha za chakula zinapungua. Lakini mambo mawili yanaweza kukaa nyumba moja. Katika kambi za Wasaharawi karibu na Tindouf, nchini Algeria, watu wameishi ukimbizini tangu mwaka 1975. Watafiti waliopima familia huko mwaka 2010 walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa na uzito uliopita kiasi, na katika familia nyingi mama alikuwa mnene huku mtoto wake amedumaa au ana upungufu wa damu. Chakula cha msaada huwa na unga, mafuta na sukari kwa wingi. Mboga, matunda na nyama huwa haba. Tumbo linashiba, lakini mwili haupati kila unachohitaji.

Hapa kwetu liko jambo jingine linalofanya watu wasiseme. Mwili mnene umekuwa dalili ya heshima na ya nyumba yenye chakula. Tena tangu ukimwi uingie, anayekonda hunong'onwa. Kwa hiyo mama anayetaka kupungua hapati wa kumwunga mkono, na anayepungua bila kutaka huogopa kupimwa. Yote mawili ni hasara.

MAZOEZI YANAFANYA NINI, NA HAYAFANYI NINI

Hapa tuseme ukweli ulivyo. Kutembea kilomita 5 kwa mtu wa kilo 80 hutumia kalori kama 250 hadi 300. Chapati moja iliyokaangwa kwa mafuta inaweza kurudisha zote hizo. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na chupa ndogo ya soda inakaribia hapo. Mtu aliyetembea saa moja kisha akanywa chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi mawili ameshalipa deni lote na kuongeza.

Lakini hata asiyekula hayo huona mwili ukigoma. Sababu moja ilionekana hapa hapa Afrika Mashariki. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huwinda, huchimba mizizi na kutembea mwendo mrefu kila siku. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu ambazo miili yao inatumia kwa siku, wakatoa matokeo mwaka 2012. Walitarajia kuona Mhadzabe anatumia nguvu nyingi kuliko mtu wa mjini Marekani anayekaa kwenye kiti ofisini. Haikuwa hivyo. Ukilinganisha watu wenye maumbile sawa, nguvu zinazotumika kwa siku zilikaribiana. Inaonekana mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama mama wa nyumba anayepunguza sukari ili anunue sabuni.

Kwa hiyo, je, tuache mazoezi? Hapana! Mazoezi hushusha shinikizo la damu, huisaidia insulini kufanya kazi, huimarisha moyo na mifupa, huleta usingizi, na huondoa mawazo mazito, ambayo kambini hayapungui. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za kazi inayomfanya ahemehe kidogo. Wengi wetu tunazifikisha kwa kuteka maji na kulima tu. Ila mizani hushuka zaidi kwa kinachoingia kinywani kuliko kwa hatua za miguu. Mama anayetembea kila siku bila kupungua si mvivu wala mwongo.

Na ikiwa amepunguza chakula pia, na bado hapungui, ndipo tunapouliza habari za homoni.

TEZI YA SHINGO

Homoni ni ujumbe. Tezi fulani hutengeneza kitu kidogo sana, hukitia katika damu, na damu hukipeleka kwenye viungo vingine kuviambia la kufanya. Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, iko tezi yenye umbo la kipepeo, inayoitwa dundumio au thairoidi. Ujumbe wake unaitwa thairoksini, nao huuambia mwili mzima uende haraka au polepole. Moto wa jiko ukipungua, maji hayachemki upesi. Vivyo hivyo tezi hii ikizembea, moyo hupiga polepole, choo kinakuwa kigumu, na mtu huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho. Husinzia mchana, husahau, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, uso huamka umevimba. Hedhi huweza kuwa nyingi au kuvurugika, na mimba huchelewa kushika. Uzito huongezeka.

Thairoksini haitengenezwi bila madini joto, yaani ayodini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Ni kidogo kiasi kwamba haionekani kwa macho, lakini ikikosekana tezi hujitanua ikitafuta, na shingo hufura. Hilo ndilo rovu, ambalo ndugu zetu Wanyarwanda huliita umwingo.

Watu wa Kivu wanaujua ugonjwa huu kuliko wengi duniani. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilikuwa mahali ambapo madaktari wa Ubelgiji na Kongo walijifunzia habari za rovu katika miaka ya 1960. Waliona jambo la kushangaza. Upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Ila madini joto yalikuwa haba pande zote mbili! Tofauti ilikuja kuelezwa kwa muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huacha sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachozuia tezi isichukue hata kile kidogo cha madini joto kilichopo. Akina mama wenye upungufu huo mkubwa walizaa watoto waliodumaa mwili na akili, na uharibifu huo haukurudi nyuma hata watoto walipopewa dawa baadaye.

Mkombozi alikuwa chumvi. Katika miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ilienea katika nchi zetu, na shingo zilianza kupungua. Hata hivyo kizidicho nacho hudhuru. Mwaka 1996 madaktari walitangaza kwamba huko Kivu baadhi ya watu wenye rovu la siku nyingi, walipoanza kupata chumvi hiyo, tezi zao zilikwenda mbio kupita kiasi: moyo ulidunda, mikono ilitetemeka, mwili ulikonda. Na katika kambi za Wasaharawi tulizozitaja, maji na maziwa yana madini joto mengi mno, na huko rovu linaletwa na wingi, si uhaba. Basi tumia chumvi yenye madini joto ya kawaida, uiweke katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na jumla yake kwa siku isizidi kijiko kidogo kimoja kwa mtu mzima. Usinunue matone ya ayodini ya kuuziwa barabarani. Na muhogo mchungu ulowekwe siku tatu, kisha uanikwe ukauke kabisa kabla ya kusagwa.

Chumvi, lakini, haitibu kila tezi. Wapo ambao kinga ya mwili wao wenyewe imeishambulia tezi. Wapo ambao tezi ililegea katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na wengine walikwisha kupasuliwa shingo. Hao wanahitaji dawa. Vilevile si kila mwenye rovu ana upungufu wa homoni, na si kila mwenye upungufu ana rovu. Kwa macho huwezi kujua. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH. Tezi ikizembea, ubongo hutuma TSH kwa wingi ili kuiamsha, kwa hiyo namba ikiwa juu maana yake tezi iko chini. Watu wengi huchanganyikiwa hapo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalipendi. Tezi iliyozembea huongeza uzito, lakini si sana: kwa kawaida kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ya hizo ni maji na chumvi yaliyobaki mwilini. Dawa ikianza kufanya kazi hizo hutoka. Aliyeongezeka kilo 25 asitegemee kwamba kidonge cha thairoksini kitazitoa zote. Na asiye na ugonjwa wa tezi asimeze kidonge cha mwenzake ili akonde: hutibua mapigo ya moyo na kulainisha mifupa.

OVARI NA HEDHI ZINAZOPOTEA

Ugonjwa wa pili ni wa wanawake peke yao, na kwa mama wa mfano wetu ndio tungeufikiria mapema. Mwaka 1935 madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliandika habari za wanawake saba waliokuwa hawapati hedhi vizuri na ambao ovari zao, yaani mifuko ya mayai, zilikuwa zimejaa vifuko vidogo vidogo. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii inawapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na walio wengi hawajaambiwa na daktari yeyote kwamba wanayo.

Chanzo chake hakijakamilika kujulikana, lakini mwenendo wake unajulikana. Katika wengi wao insulini haisikilizwi vizuri na mwili. Kongosho huongeza insulini, na insulini nyingi huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Yai halipevuki, hedhi huchelewa kupita siku 35 au huja chini ya mara nane kwa mwaka. Nywele huota kidevuni na kifuani, chunusi hazikomi, na mafuta hujikusanya tumboni. Wengine hupata weusi laini kama mahameli nyuma ya shingo na makwapani. Watu huwaambia hawaogi vizuri, wakasugua hata kutoa damu. Si uchafu, ni insulini.

Insulini hiyo hiyo huuambia mwili uweke mafuta akiba. Ndiyo maana mama anafanya kama jirani yake na hapati alichopata jirani. Lakini ipo habari njema, nayo ni ya namba: mwanamke wa kilo 80 si lazima arudi 60. Akipungua 4 tu, yaani 5 katika kila 100, mara nyingi hedhi huanza kurudi na sukari hutulia. Kilo 4 kwa miezi sita zinawezekana kwa mtu wa kawaida. Daktari anaweza pia kuandika metfomini, ambayo husaidia insulini ingawa uzito haipunguzi sana, au dawa ya kupevusha yai kwa anayetaka mtoto. Asiyetaka mtoto asidhani amefungwa: yai huweza kupevuka kabla hedhi haijarudi, na mimba ikaingia.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, pima mimba kwanza. Kama si mimba, nenda kliniki. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi usiosafishwa na hedhi kwa muda mrefu unaweza baadaye kugeuka kuwa saratani, na hilo huzuilika kwa dawa rahisi.

Kwa akina baba na wakwe: mwanamke huyu hakujitakia, na wengi wao huzaa wakitibiwa. Tena nyumba isiyopata mtoto, mume naye apimwe.

DAWA NA KRIMU ZINAZONENEPESHA

Hapa tutapita haraka, lakini msipite bila kusikia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake uzito. Usiiache kimya kimya, omba njia nyingine. Baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili hufanya hivyo pia. Na viko vidonge vya "mashavu na makalio" vinavyouzwa masokoni bila karatasi, ambavyo vingine ni deksamethasoni. Krimu za kujichubua, ambazo Rwanda imezipiga marufuku, nyingi zina dawa za jamii hiyo hiyo, nazo hupenya ngozi. Mtu huwa na uso wa duara, tumbo kubwa, miguu myembamba na mistari ya zambarau tumboni. Aliyezitumia miezi mingi asikatishe siku moja tu, kwa sababu tezi zake mwenyewe zimelala na anaweza kuanguka ghafla. Aende kwa daktari na aseme ukweli, hatuji kumcheka.

UKIFIKA KLINIKI

Kwanza jipime nyumbani. Chukua kamba, ipime kuanzia kisigino hadi utosi, kisha ikunje mara mbili. Kamba iliyokunjwa ikizunguka kiuno chako na kukutana, mafuta ya tumbo si mengi. Isipokutana, una sababu ya kupima sukari na shinikizo la damu, hata kama mizani inakusifu.

Andika katika daftari tarehe za hedhi za miezi sita, uzito wako, dawa zote unazomeza na krimu unazopaka. Usiseme tu "nimenenepa," kwani kliniki yenye foleni ya malaria itakurudisha nyumbani na panado. Sema hivi: "Natembea saa moja kila siku tangu mwezi fulani, nimepunguza mafuta na sukari, uzito umeongezeka kilo kadhaa, naona baridi, choo kigumu, hedhi imekuja mara nne mwaka huu." Hapo mwuguzi ana la kushika.

Kambini mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha kambi, ambacho hutoa karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Kipimo cha TSH hakipatikani kila kituo, kwa hiyo uliza mapema damu inapelekwa wapi na majibu yanarudi siku gani. Wakimbizi waliosajiliwa kuishi Kigali walianza kuingizwa katika bima ya mutuelle mwaka 2019. Anayekaa Kabuga aanzie kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na kitambulisho chake cha mkimbizi na uthibitisho wa mutuelle, na hospitali iliyo jirani ni Masaka. Ukiruka hatua ya rufaa, bima haitalipa.

Ukiandikiwa thairoksini, imeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au uji. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu huizuia isiingie mwilini, kwa hiyo vikae mbali nayo kwa saa nne. Wajawazito wanaopewa vidonge hivyo kliniki wazingatie sana hili. Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na kipimo cha dawa hurekebishwa. Kwa wengi dawa hii ni ya maisha. Ukihisi nafuu usiache, na ukipata mimba mwambie mkunga mapema, usisubiri tumbo lionekane, maana kipimo cha dawa karibu kila mara hulazimika kuongezwa. Ukihamishwa kambi au kupangiwa nchi nyingine, omba nakala ya majibu ya TSH na jina la dawa pamoja na miligramu au maikrogramu zake, uviweke pamoja na karatasi za usajili.